Viatu vya soli ya ngozi: tubandike mpira chini au tuviache vilivyo?

Mkazi wa Tabata

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa watu wanaojua viatu.

Nina jozi ya viatu vyeusi vya kufunga kamba, mtumba daraja la kwanza. Ndani vimepigwa muhuri "Goodyear Welted" na "Made in England". Soli ni ngozi tupu, mpira uko kwenye kisigino peke yake, tena kipande cha nyuma tu. Soli haijatoboka, ukiibonyeza katikati bado ni ngumu, ila ncha ya mbele imeanza kulika. Matumizi yake ni kazini: daladala, barabara ya vumbi na kokoto kidogo, halafu marumaru za ofisini ambazo asubuhi zikipigwa deki huwa zinateleza vibaya sana.

Fundi mmoja anasema abandike nusu soli ya mpira kisha aishone kuzunguka kiatu chote ili isitoke. Fundi wa pili anasema nisithubutu, mpira unaziba ngozi isipumue na kiatu kitaoza. Nimfuate yupi? Na kama ni kubandika, mpira wa unene gani, gundi gani, na nimwangalie fundi kwenye hatua zipi asije akaniharibia?

---

Soli Kavu

Mkuu, bandika. Ila usikubali vishonwe. Kila fundi hapo yuko sahihi nusu na amekosea nusu.

Kwanza huo muhuri, maana wengi wakiona Goodyear wanafikiria tairi. Charles Goodyear ndiye Mmarekani aliyepata hataza ya kupika mpira kwa salfa mwaka 1844. Mwanawe, Charles Goodyear mdogo, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye mashine ya kushonea welti. Kampuni ya matairi ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine kabisa, ikachukua jina kwa heshima ya huyo baba. Kwa hiyo muhuri wako hauzungumzii mpira hata kidogo, unazungumzia namna kiatu kilivyoshonwa.

Welti ni ule ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu pale ngozi ya juu inapokutana na soli. Mshono wa kwanza, ambao huuoni, unaunganisha ngozi ya juu, soli ya ndani na welti. Mshono wa pili ndio unaouona ukipita juu ya welti, nao unashuka kuishika soli ya chini. Uzuri wake ni kwamba soli ikiisha fundi anakata mshono wa pili tu, anaweka soli mpya, na mwili wa kiatu hauguswi. Kinachokufa mapema ni ule uzi wa mshono wa pili upande wa chini, kwa sababu unasuguana na barabara sawasawa na ngozi. Mpira mwembamba unaifunika ngozi na uzi huo pamoja. Ukiisha unaubandua na kubandika mwingine, na soli yenyewe inabaki ilivyokuwa.

Sasa kwa nini usishone. Fundi akipitisha sindano nene na uzi wa nailoni kuzunguka kiatu, anatoboa welti ileile iliyokwisha tobolewa kiwandani. Matundu mapya yakiangukia katikati ya yale ya zamani, ukanda unakuwa na mstari wa matundu yaliyokaribiana na siku moja unachanika hapo. Welti ikichanika, kazi si ya kubadilisha soli tena, ni ya kukifungua kiatu. Pili, uzi huo unatokeza chini ya mpira, unaliwa na lami ndani ya muda mfupi, na matundu yanayobaki yanaingiza maji. Mpira wa mm 1 mpaka 2 uliobandikwa vizuri hauhitaji uzi wala msumari. Anayetegemea uzi mara nyingi haiamini gundi yake.

Hakikisha pia kwamba kweli ni welti. Ingiza mkono, inua kitambaa cha ndani. Ukiona mstari wa mshono juu ya soli ya ndani, hiyo ni Blake, uzi umetoka ndani moja kwa moja hadi chini ya kiatu. Viatu vya Blake ndivyo vinavyohitaji mpira zaidi, kwa sababu uzi ukilowa chini unapandisha maji mpaka kwenye soksi.

---

Mtetezi wa Ngozi

Naheshimu maelezo hayo, lakini si kila kiatu kibandikwe. Kiatu cha harusini, au cha mtu anayeshuka kwenye gari na kuingia kwenye zulia, kiachwe. Soli ya ngozi nzuri iliyotengenezwa kwa magome ya mialoni, kama zile za J. & F. J. Baker, watengenezaji ngozi wa Colyton huko Uingereza, inakaa miaka kwa matumizi ya namna hiyo, na jinsi inavyojipinda na mguu hakuna mpira unaoifikia. Ukibandika lazima uikwangue, na ngozi iliyokwanguliwa hairudi.

Kwa ncha ya mbele inayolika, dawa ya zamani ni kipande cha chuma. Kile cha kuzama kinachongewa nafasi ya mm 2 hivi na kufungwa kwa skrubu fupi, kikae sawa na uso wa soli. Skrubu iwe fupi kuliko unene wa ngozi, la sivyo itatokeza ndani kidoleni. Vile vyuma vya kupigilia juu juu vinashika kutu na kulegea.

---

Soli Kavu

Kwa kiatu cha zulia nakubaliana nawe kabisa. Kwa mtu wa daladala, marumaru yenye maji na masika ya Machi hadi Mei, hapana. Ngozi iliyolowa inakuwa laini na kokoto zinaichimba kwa kasi ambayo kwenye ukame huwezi kuiona. Na chuma kidoleni juu ya marumaru iliyopigwa deki ni hatari, mkuu, mwenye kiatu amesema wazi kwamba sakafu inateleza.

Hilo la kupumua tulimalize. Kati ya mguu na barabara kuna soli ya ndani, kuna unga wa magome kama yale ya vizibo vya chupa uliochanganywa na gundi, kuna bapa la chuma au mbao kiunoni mwa kiatu, pale pembamba mbele ya kisigino, ndipo ifike soli ya mm 5 iliyogandamizwa na kupakwa nta. Jasho halipiti njia hiyo kwa kiasi cha maana. Linanyonywa na soli ya ndani na bitana, kisha linatokea mdomoni mwa kiatu kikiwa kimepumzika. Kinachoozesha kiatu ni kukivaa kila siku bila kukauka. Kipe saa 24 za kupumzika, weka kalibu za mbao za kushika umbo la kiatu, au gazeti, ndani, mpira chini hautakuwa na kosa lolote.

Mpira unaoozesha ni ule ulioachia ukingo. Maji yanaingia katikati, hayana pa kutokea, ngozi inakaa imelowa siku nzima. Kwa hiyo suala lote liko kwenye ubandikaji.

---

Msasa 80

Naingia kwenye kazi yenyewe, mwenye kiatu asimame nayo kwa fundi.

Kiatu kiwe kikavu kwelikweli. Kama kilinyeshewa kipe siku mbili au tatu kivulini, kimelala ubavu ili soli ipate hewa pande zote. Kisianikwe juani wala karibu na jiko, ngozi inakakamaa na kupasuka. Ukitaka kujua kama imekauka igusishe shavuni: ngozi yenye maji huwa ya ubaridi. Viatu vipya kabisa visibandikwe siku ya kununuliwa. Vivaliwe mara chache mahali pakavu mpaka soli ijue inapojipinda, kwa sababu mpira uliobandikwa kwenye soli iliyonyooka unavutwa pale pale kwenye mkunjo na kuanza kuachia. Vyako vimeshapita hatua hiyo.

Kisha mstari. Mpira uishie kwenye kiuno cha soli, nyuma ya sehemu pana, mahali ambapo kiatu kikikanyaga hakigusi chini. Fundi akikata mbele ya hapo, ukingo wa nyuma unaangukia kwenye mkunjo na utainuka. Ukingo huo ukatwe kwa mshazari hadi uwe mwembamba kama karatasi, usiache ngazi ya kukwaa.

Kukwangua ndiko kunakoharibu viatu vingi. Lengo ni kuondoa nta, rangi na uchafu hadi ngozi ionyeshe nyuzinyuzi zake, basi. Msasa namba 60 au 80 kwa mkono, uliozungushiwa kibao. Ukimwona fundi anawasha mashine, msihi atumie mkono akifika karibu na mshono. Kwenye soli nyingi uzi umelala ndani ya mfereji mdogo usio na kina. Mashine ikipita sekunde chache zaidi inanyoa vichwa vya uzi wote, na mtu anaondoka na mpira mpya uliobandikwa juu ya soli isiyoshikwa na kitu. Hutaiona leo. Utaiona soli nzima ikiachama kidoleni baadaye, na lawama itaenda kwenye gundi.

Vumbi lifutwe kwa brashi kavu. Kama soli iliwahi kupakwa mafuta au dawa ya viatu, ifutwe kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa, bila kugusa ngozi ya juu kwa sababu inatoa rangi. Petroli haifai hapa, inaacha masalia ya mafuta.

Gundi iwe ile ya viatu ya njano, ya kubandika pande mbili. Isiwe imezimuliwa kwa petroli au thina mpaka inatiririka kama maji, maana gundi hiyo inaacha utando mwembamba usioshika. Pande zote mbili zipakwe, ngozi na mpira. Ngozi inakunywa, kwa hiyo ipate mkono wa kwanza mwembamba, ukauke, ndipo wa pili. Msubiri dakika 10 hadi 20, mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole haigandi. Mafundi wengi wenye haraka wanabandika ikiwa mbichi, na kiyeyushi kinafungiwa katikati, kinatengeneza mapovu, mpira unabaki unacheza. Ikikauka kupita kiasi si tatizo, draya ya nywele kwa dakika moja au mbili inaiamsha.

Kubandika ni mara moja, hakuna kurekebisha. Aanzie kidoleni, asukume kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Halafu nyundo, kiatu kikiwa juu ya ule mguu wa chuma wa fundi, apige kila sentimeta, hasa kingo. Nguvu ya kukandamiza ndiyo inayoshikisha gundi hii, kukiwekea jiwe usiku kucha hakusaidii kama hakikupigwa. Ziada ikatwe kwa kisu kikali, ukingo upigwe msasa laini ulingane na soli, upakwe wino mweusi. Usikivae kabla ya saa 24.

Supaglu isikaribie. Inakauka ngumu kama kioo na soli ikijipinda inapasuka.

---

Binti wa Raskazone

Nyongeza kwa sisi wa mwambao, Tanga, Dar, Mombasa, Unguja. Siku za mvua gundi ya njano inaweza kuota ukungu mweupe juu wakati inakauka. Kiyeyushi kikiruka kinapoza uso wa gundi, na hewa yetu iliyojaa unyevu inaacha maji juu yake. Fundi akibandika hivyo hivyo, mpira utatoka mzimamzima, gundi ikiwa imebaki upande mmoja. Pasha joto kwa draya mpaka utando urudi kuwa angavu, ndipo ubandike.

Na angalieni mnachouziwa kwa jina la mpira. Shiti nyingi ni PVC, yaani plastiki. Choma sindano ya moto pembeni: plastiki inayeyuka na kuvuta nyuzi, mpira halisi uliopikwa hauyeyuki. PVC ina mafuta ya kulainishia ambayo polepole yanahamia kwenye gundi ya njano na kuilainisha, ndiyo maana siku ya kwanza inashika vizuri na baada ya wiki kadhaa inateleza na kuachia. Kama PVC ndiyo iliyopo, inataka gundi ya poliyurethani. Shiti za viwandani kama Topy za Ufaransa au Vibram za Italia zinapatikana kwa mafundi wachache mjini, nazo upande wa nyuma huja zimeshakwanguliwa.

Kwa kina dada wenye visigino virefu vya soli ya ngozi: za kwetu mara nyingi hazina mshono, ni gundi tupu, na ngozi yenyewe ni mm 2 au 3 tu. Hapo mjadala wa kubandika au kutobandika sioni kama upo. Bandika mm 1, kabla ya kuvitembeza nje, rangi unaweza kupata hata nyekundu.

---

Mkazi wa Tabata

Nashukuruni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Mawili yamebaki. Fundi ana shiti ya mm 4 tu, anasema ndiyo itadumu. Na pale kidoleni palipolika ni kama mm 2 hadi 3 zimeondoka, je mpira utapafunika tu?

---

Msasa 80

Mm 4 ikatae. Kiatu kimesawazishwa kiwandani, urefu wa kisigino unalingana na unene wa mbele. Ukiinua mbele kwa mm 4 bila kugusa nyuma, unakuwa kama unapanda kilima kidogo muda wote, uzito unarudi kisiginoni na mkunjo wa kiatu unahama. Mpaka mm 2 mguu hausikii tofauti. Akishikilia mm 4, basi kipande cha kisigino nacho kibadilishwe na kuongezwa unene huohuo. Tena mpira mnene haujipindi vizuri, unavuta ukingo wa kidoleni kila unapopiga hatua. Vipande vya tairi ndiyo kabisa usikubali: vina nyuzi ndani, ni vizito, na vimepinda kwa umbo lao.

Kidoleni usibandike juu ya pengo. Mpira ukifuata ule mteremko, utalika pale pale, tena haraka. Kata sehemu iliyolika kwa mshazari, bandika kipande cha ngozi ya soli kilichochongwa kama kabari kirudishe unene, kikauke, kipigwe msasa mpaka kiwe sawa na sehemu nyingine, ndipo mpira upite juu ya vyote bila kiungo. Kabla ya hapo mwangalie uzi wa kidoleni. Kama umekwisha kukatika, urefu wa sentimeta 2 au 3 unaweza kushonwa upya kwa mkono kupitia matundu yaleyale ya zamani, kwa uzi uliopakwa nta. Hapo ndipo sindano inaruhusiwa, kwenye matundu yaliyopo.

Kama kukwangua kukionyesha vipande vidogovidogo vinavyobomoka badala ya nyuzinyuzi ndefu, simamisha kazi. Hiyo ni soli ya mabaki ya ngozi yaliyogandamizwa kwa gundi. Kwa kiatu cha muhuri kama wako sitarajii, lakini mtumba huenda uliwahi kubadilishwa soli.

---

Kanzu na Kofia

Samahani kwa kuingilia mada. Makubadhi nayo yanafaa kubandikwa? Yangu uzi wa chini umeanza kuisha.

---

Soli Kavu

Yanafaa, ila utaratibu unabadilika kidogo. Makubadhi hayana kiuno kilichoinuka, yanakanyaga chini yote, kwa hiyo usibandike nusu. Weka mpira mzima kutoka kidoleni hadi kisiginoni, mm 2 unatosha. Kazi ya msasa na gundi ni ileile. Pale kanda zinapoingia kati ya tabaka za soli, hakikisha kwanza zimeshika, kwa sababu baada ya mpira kukaa hutazifikia bila kuubandua. Kama makubadhi yalipakwa mafuta mengi, na mengi hupakwa, futa kwa asetoni zaidi ya mara moja na uache ikauke kabisa kati ya kufuta na kufuta. Gundi ikikataa kukauka kwenye madoa fulani, hapo bado kuna mafuta, rudia kufuta.

---

Mkazi wa Tabata

Na siku mpira ukiisha, unatolewaje bila kung'oa ngozi?

---

Msasa 80

Kwa joto. Draya dakika tatu hivi, anza upande wa kiunoni, vuta polepole kuelekea kidoleni huku joto likitangulia. Ukivuta kikiwa cha baridi unaondoka na nyuzi za ngozi. Gundi ya zamani inatolewa kwa kipande cha mpira mbichi cha kufutia au msasa mwepesi, usichimbe tena mpaka ngozi mpya. Usingoje mpira utoboke ndipo uende kwa fundi. Ukiona kidoleni au chini ya kidole gumba umebaki mwembamba kiasi cha kuona rangi ya ngozi, ndiyo wakati wake. Na ukingo ukiinuka hata kidogo kabla ya hapo, acha kukivaa siku hiyohiyo, ufunguliwe mpaka panaposhika vizuri, usafishwe na kupakwa gundi upya pande zote mbili.